Gati, Tuta na Baraji: Maneno ya Ukingoni pa Maji

Katika Kiswahili chetu kuna maneno mengi ya kutaja mahali pa kazi ukingoni pa maji: mwalo, diko, bandari, forodha, gati, gudi, kivuko, daraja, tuta, bwawa, birika, na siku hizi digi na baraji. Wengi wetu twayatumia ovyo, kana kwamba yote ni neno moja. Mtu asema, "Bwawa limevunjika," na msikilizaji hajui kama ni ukuta uliobomoka au ni maji yaliyomwagika. Mwingine asema, "Watujengee baraji," kumbe anachotaka ni tuta. Kwa mtu wa milimani jambo hilo ni dogo. Kwa sisi tunaokaa kando ya Ziwa Tanganika ni jambo la nyumba na shamba, na pengine la uhai. Tuyatazame basi maneno hayo, tuone yalitoka wapi, nani aliyaleta, na ziwa lenyewe liliyatendea nini.

Tuanze na maneno ya kufika na kuondoka, maana ndiyo mengi. Wavuvi wa Ziwa, hasa upande wa Kigoma, huita mwalo mahali wanapopandisha mitumbwi na kushusha samaki. Watu wa pwani ya bahari husema diko, na yakiwa mengi, madiko. Mwalo haukujengwa na mtu. Ni mchanga mzuri, au ghuba ndogo isiyopigwa sana na upepo, na watu wakapazoea. Maji yakipanda, mwalo wapanda pamoja nayo. Yakishuka, mwalo washuka. Mvuvi hafanyi kesi na ziwa: akokota mtumbwi wake hatua ishirini mbele au nyuma, na mwalo ni uleule. Tafadhali, msomaji, liweke neno hili akilini, maana tutalihitaji tena.

Bandari ni neno la Kiajemi. Hata leo katika nchi ya Uajemi, iitwayo Iran, kuna mji wa Bandar Abbas, na maana ya bandar ni hiyo hiyo yetu. Forodha ni la Kiarabu. Zamani lilitaja mahali pa kupakia na kupakua mizigo ya vyombo. Lakini mahali pa mizigo ndipo mtawala alipomweka mtu wake wa kutoza ushuru, na polepole neno likatoka majini likaenda kukaa mezani pa mtoza ushuru. Kule Unguja, uwanja ulio mbele ya ngome ya kale, karibu na bahari, waitwa Forodhani mpaka leo. Nasi wakristu twalijua neno hilo kwa njia nyingine: Mtakatifu Mateo aliitwa na Bwana wetu akiwa ameketi forodhani, huko Kafarnaumu. Na Kafarnaumu ulikuwa mji wa wapi? Ulikuwa kando ya ziwa, mji wa wavuvi. Basi forodha ya Mateo haikuwa mbali na mitumbwi.

Gati lilitoka mbali zaidi, Bara Hindi. Kwa Wahindi, ghat ni ngazi za mawe zinazoshuka mpaka mtoni, kama zile za mji wa Varanasi, ambako watu hushuka kuoga katika mto Ganges na kuchoma maiti zao. Wafanya biashara wa Kihindi walilileta neno hilo pwani ya mashariki, na Waswahili wakalitumia kwa mahali palipojengwa ili chombo kifungwe ubavuni na watu washuke bila kulowa. Hapa tusichanganye. Bandari ni mahali pote: maji yaliyotulia, maghala, njia ya gari la moshi, ofisi. Gati ni kile kilichojengwa tu, mawe au mbao au chuma, ambapo kamba ya meli hufungwa. Bandari moja yaweza kuwa na magati matano. Na meli ikiugua haipelekwi gatini, yapelekwa gudini, nalo pia ni neno la Kihindi, au yapandishwa juu ya chelezo ikatengenezwa. Chelezo ni neno letu wenyewe la Kibantu, latokana na kuelea.

Maneno hayo ya pwani yalifikaje kwetu ndani ya bara? Yalikuja kwa miguu. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji; kutoka Ujiji watu walivuka kwa majahazi mpaka Mtowa, upande wetu. Wenye misafara walikuja kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Haifai kulificha jambo hilo tunapousifu utajiri wa Kiswahili. Neno bandari lilikuja kwetu kwa njia ileile waliyopitishwa wazee wetu wamefungwa shingo, nao wengi walilisikia mara ya kwanza siku ile walipoonyeshwa mahali pa kupandia chombo wasirudi tena.

Hapo katikati tuseme kidogo juu ya daraja, ingawa si jengo la ukingoni bali lapita juu ya maji. Kwa Kiarabu daraja ni ngazi au kipandio, na cheo pia. Kiswahili kikalitumia kwa jengo la kuvukia mto, lakini hakikuitupa maana ya kwanza. Ndiyo sababu twasema Sakramenti ya Daraja Takatifu, yaani vyeo vitakatifu vya shemasi, padri na askofu. Mtoto mmoja wa mafundisho aweza kudhani kwamba padri mpya amepewa daraja la kuvukia watu. Tusimcheke sana! Katika Kilatini, Baba Mtakatifu huitwa Pontifex, na neno hilo laonekana kuunganisha pons, daraja la mtoni, na facere, kufanya. Warumi wa kale waliwaita hivyo makuhani wao kabla ya Kristu. Basi lugha mbili zisizojuana zimekutana mahali pamoja, kila moja kwa njia yake.

Wazungu nao wakaleta ya kwao. Huko Kinshasa, na Bukavu pia, watu huita gati au bandari ndogo bichi. Ni neno la Kiingereza la ufuko, ingawa waliotutawala walikuwa Wabelgiji. Ndugu zetu wa Lingala wanalo neno lao zuri, libongo, lakini hata wao husema bichi. Kutoka Kifaransa tumepata baraji, ukuta unaokata mto, na digi, tuta la kuzuia maji. Walimu wa shule hawakuyapenda maneno hayo, wakasema ni Kingwana. Sisi twaona kwamba neno lenye kazi halifukuzwi kwa fimbo. Tena digi si la Kifaransa asili. Wafaransa walilichukua kwa Waflemi na Waholanzi, wanaosema dijk. Na dijk ni ndugu wa neno la mfereji, kwa sababu ni kazi moja: achimbaye mfereji atupa udongo kando, na udongo ule hugeuka tuta. Mama yeyote aliyelima viazi vitamu ajua jambo hilo bila kufundishwa na Mholanzi. Kati ya tuta na tuta lazima kuwe na njia ya maji. Pasipo njia hiyo viazi vyaoza.

Na baraji? Kwa Kiholanzi ni dam. Mji wa Amsterdam ni dam ya mto Amstel, na Rotterdam ni dam ya mto Rotte. Miji mikubwa imepata majina kutoka kwa kizuizi cha mto mdogo.

Sasa tufike kwenye ziwa letu lenyewe, maana hadithi yake yafundisha maana ya maneno hayo kuliko kamusi.

Ziwa Tanganika lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake chafika karibu meta 1470. Mito mingi huingia humo, mikubwa ikiwa Rusizi kutoka kaskazini na Malagarasi kutoka mashariki. Lakini mlango wa kutoka ni mmoja tu: mto Lukuga, hapa karibu na Kalemie, unaokwenda magharibi karibu kilometa 320 mpaka Lualaba, na kwa Lualaba mpaka bahari ya Atlantiki. Hata hivyo, maji mengi ya ziwa hayaondoki kwa Lukuga; hupanda juu kwa jua na upepo. Lukuga hubeba sehemu ndogo tu. Ni kama chungu kikubwa chenye tundu dogo karibu na mdomo.

Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alilizunguka ziwa sehemu ya kusini akitafuta mlango huo. Akauona Lukuga, akaingia kidogo, kisha mtumbwi ukakwama katika matete na majani yaeleayo. Akasema: Huu ndio mlango. Mwaka 1876 Stanley akafika mahali palepale, akakuta maji yamesimama, matope na matete yamejaa, wala hakuna mto unaotoka. Huko Ulaya wataalamu wakabishana sana. Mmoja asema maji yatoka, mwingine asema hayatoki. Wenyeji wangeweza kuwaambia kwamba wote wawili wanasema kweli, kila mmoja kwa mwaka wake.

Kwa maana mambo yalikuwa hivi. Kwa miaka mingi ziwa lilikuwa chini, maji hayakufika kwenye kizingiti cha Lukuga. Vijito vya pale vikaleta matope, matete yakaota juu ya matope, mizizi ikashika udongo, na ikawa baraji kamili iliyojengwa pasipo saruji na pasipo mwashi. Halafu miaka ya mvua ikaja. Maji yakapanda, yakapanda, na mlango umefungwa. Karibu na mwaka 1878 yalifika kimo cha meta 783 hivi juu ya bahari. Kisha baraji ile ya matete ikapasuka. Mwaka 1879 Hore, baharia wa misioni ya Waprotestanti, alipofika Lukuga aliona mto wenye nguvu ukienda magharibi kwa kasi. Katika miaka kama 15 ziwa zima likashuka karibu meta 10.

Fikiri, msomaji, meta 10 katika ziwa lote! Mahali penye mteremko mkali labda hatua chache tu. Mahali pa tambarare, mashamba mapya yalitoka majini kila mwaka, na ufuko ukakimbia mbele ya macho ya watu. Cambier, aliyetumwa na chama cha mfalme Leopoldi, alianzisha kituo cha Karema mwaka 1879, upande wa mashariki, karibu na maji. Maji yakaondoka, boma likabaki nchi kavu. Ujiji vilevile: mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, penye ukumbusho wao, leo hapako ukingoni pa ziwa. Mapadri Weupe wa kwanza walifika Ujiji mwezi wa Januari 1879, yaani walilikuta ziwa karibu na kilele chake. Wenzao waliofuata miaka kumi baadaye walikuta ufuko mwingine. Hatujui kama jambo hilo lilikuwa mawazoni mwao walipojenga Baudouinville mwaka 1893, lakini waliijenga Kirungu, juu ya mlima, na bandari ya Moba wakaiacha chini. Maji hayajapata kuisumbua kanisa kuu ile.

Twauliza sasa: katika miaka ile 15, mwalo wa wavuvi ulipata hasara gani? Haukupata hasara. Uliteremka pamoja na maji. Boma la Karema halikuweza kuteremka. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya neno mwalo na maneno kama gati, tuta, boma. La kwanza lataja mahali ambapo watu na maji hukutana, popote wanapokutana. Mengine yataja kitu kilichosimama, kinachotaka maji yaje kwake.

Gati la kweli lilifika upande wetu kwa sababu ya vita. Njia ya reli ya Wajerumani ilifika Kigoma mwaka 1914, na Wajerumani wakawa na meli za vita ziwani. Reli ya Wabelgiji kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915. Mwisho wa mwaka huo Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, baada ya kuzipitisha nchi kavu, milimani na porini, tangu kusini ya Afrika. Lakini wangeziweka wapi? Mdomo wa Lukuga haukufaa. Basi karibu na mto mdogo wa Kalemie watu wakapasua mawe, wakayatupa majini, wakajenga ukuta wa kuvunja mawimbi, ili nyuma yake maji yatulie. Mashua zikateremshwa kabla ya Krismasi, na tarehe 26 Desemba 1915 zikaikamata meli ya Wajerumani iitwayo Kingani. Kabla ya hapo watu wa Kalemie walikuwa na mwalo. Baada ya hapo wakawa na bandari. Mawe hayo yalibebwa na mikono ya watu weusi ambao vitabu vya vita haviwataji, ingawa vyamtaja kila ofisa wa Kizungu mpaka mpishi wake.

Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, iliyoletwa vipande vipande kwa reli na kuunganishwa Kigoma, ilizamishwa na wenyewe mwezi wa Julai 1916 ili isikamatwe. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakaitengeneza, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, jina la kale la sehemu ya kusini ya ziwa. Baada ya vita Wabelgiji nao wakapata sehemu yao katika magati ya Kigoma na Dar es Salaam, kwa mapatano ya mwaka 1921, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Watu wa Dar es Salaam wakapaita Belbase, yaani kituo cha Ubelgiji. Shaba ya Katanga na mizigo mingine ya Kongo ilipitia huko.

Hayo ni maneno ya kufika. Maneno ya kuzuia maji ni machache zaidi, na hapo ndipo tunapokosea.

Bwawa ni neno la Kibantu, nalo hasa ni maji: maji yaliyosimama, yawe dimbwi, yawe kinamasi, yawe ziwa la kutengenezwa. Ukuta unaoyashika si bwawa. Huo ni ukuta wa bwawa, au ndio baraji. Pale Mwadingusha, katika mto Lufira, kiwanda cha umeme kilifunguliwa mwaka 1930. Maji yakajaa nyuma ya ukuta, na watu wa Katanga huyaita Ziwa Tshangalele, huvua samaki humo kama katika ziwa la Mungu. Baraji ni saruji. Tshangalele ni bwawa. Huko Tanzania kuna bwawa la mwaka 1965 liitwalo Nyumba ya Mungu, na twadhani hakuna bwawa lingine duniani lenye jina tukufu hivyo. Na Ruzizi, inayotoka Ziwa Kivu hapa Bukavu, ilipata baraji yake ya kwanza katika miaka ya mwisho ya 1950. Huko Inga, karibu na Matadi, baraji za mwaka 1972 na 1982 zilikamata sehemu tu ya nguvu ya mto wetu mkubwa.

Birika nalo latupa shida ya kupendeza. Ni maneno mawili ya Kiarabu yaliyokutana katika sauti moja ya Kiswahili. Moja ni chombo cha chai. Lingine ni hodhi ya maji iliyojengwa. Ndiyo maana wengine husema birika ya Siloamu, mahali yule kipofu alipotumwa kunawa macho, na watoto wa katekismu wakatazamana wakiwaza chai. Siloamu ilikuwa hodhi ya kweli, iliyopata maji yake kwa mfereji uliochimbwa ndani ya mwamba wakati wa mfalme Hezekia.

Ukingo, je? Hilo ndilo tunalolipenda kuliko yote. Ukingo wa mto ni pembeni mwake, lakini neno lenyewe ni la ukoo wa kukinga. Wazee walioliumba waliona kwamba pembeni mwa mto pana kazi: pakinga. Ukiukata ukingo kwa kufyatulia matofali, ukiung'oa matete yake, umeondoa kinga. Huhitaji kujua Kifaransa kulielewa.

Sasa tofauti ya baraji na tuta ni hii, nayo yaweza kusemwa kwa maneno machache: baraji hukata mto, tuta huandamana nao. Baraji hushika maji yasiende. Tuta huyaacha yaende, lakini yasipande kwa jirani. Anayeomba moja akapewa lingine atapata kinyume cha alichotaka.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika Uvira. Makumi ya watu walikufa, nyumba maelfu ziliharibika, madaraja yakachukuliwa. Maji yale yalitoka wapi? Hayakutoka ziwani. Yalishuka kutoka milimani nyuma ya mji, na mawe na matope pamoja nayo. Mwezi uleule Rusizi ilitoka katika kingo zake upande wa Gatumba, Burundi, na watu wengi wakahama. Lakini pia ziwa lenyewe lilikuwa likipanda. Lilikuwa limepanda sana mara moja katika miaka ya mvua ya 1961 mpaka 1964, likafika karibu meta 777. Wazee wa Kalemie na Uvira huikumbuka miaka ile. Tangu 2020 likapanda tena, na mwaka 2024 likakaribia kimo kile cha 1964. Maji yakaingia mitaani, na bandarini Kalemie yakafunika mahali watu walipokuwa wakisimama kupakia.

Katika taabu kama hiyo watu husema, "Serikali itujengee baraji." Wapi? Tukisema baraji Lukuga, tumesema kuufunga mlango pekee wa ziwa, na hilo lilikwisha kufanyika kwa matete kabla ya 1878, tumeona lilivyofanya. Baraji ile ingefaa katika miaka ya ukame, ziwa linapokimbia magati na meli zikashindwa kukaribia. Ndipo watu wa Kigoma na wa Kalemie hutamani kuyashika maji. Katika miaka ya gharika ingetuzamisha sote, Wakongomani, Warundi, Watanzania na Wazambia, maana ziwa ni moja na nchi ni nne. Labda baraji yenye milango inayofunguka ingefaa nyakati zote mbili. Lakini hapo swali si la saruji tena, ni nani ashike ufunguo.

Tukisema tuta, tuseme pia wapi. Tuta kando ya Mulongwe laweza kuongoza maji ya mlimani mpaka ziwani. Tuta kando ya ziwa mbele ya Uvira, pasipo milango ya kutolea maji, lingezuia maji ya ziwa yasiingie, na lingezuia pia maji ya mlimani yasitoke. Mji ungekuwa birika, wala si ya chai. Tena tuta la upande mmoja wa mto husukuma maji upande wa pili. Aliye na mali akajenga tuta refu mbele ya kiwanja chake amempelekea maji mjane wa ng'ambo, hata kama hakukusudia. Jambo hili twaliona ni la kuungamwa, ingawa halimo katika orodha za dhambi tulizofundishwa seminarini.

Na tuta halisimami lenyewe. Gati la mawe laweza kusahauliwa miaka 20. Tuta la udongo hutobolewa na panya na mchwa, mbuzi hupita juu yake, mtu hulikata apate njia ya mtumbwi, mwingine hupanda mihogo juu yake na siku ya kuvuna hulichimba. Tundu la ukubwa wa ngumi latosha. Usiku wa tarehe 31 Januari kuamkia 1 Februari 1953, bahari ilivunja matuta ya Uholanzi, nchi yenye mafundi kuliko zote kwa kazi hiyo, na watu 1836 wakafa. Tangu karne ya 13 Waholanzi wana mabaraza ya maji, na zamani kila mwenye shamba karibu na tuta alipewa kipande chake cha kulitunza, asipolitunza alihukumiwa. Mkuu wa baraza hilo huitwa dijkgraaf, yaani bwana wa tuta. Sisi tunaye shefu wa avenyu, tunaye shefu wa kijiji, tunaye mkubwa wa bandari, tunaye hata msimamizi wa bichi anayehesabu mitumbwi na kukata tiketi. Bwana wa tuta hatunaye, wala Kiswahili chetu hakijampa jina.